Dada, usikimbilie kisu

Dada,

Ripoti ya MRI nimeisoma. Kabla hujatangaza kiwanja kinauzwa ili ukapasuliwe, nisikilize kidogo.

Kifuko cha maji kilichoonekana juu ya kifandugu ni sisti ya Tarlov, kwa jina la daktari Isadore Tarlov aliyeeleza vifuko hivyo mwaka 1938. Hutokea kwenye mzizi wa neva na kujaa maji yaleyale yanayozunguka uti wa mgongo. Ukuta wake huwa na nyuzi za neva yenyewe, ndiyo maana kukikata si sawa na kutumbua jipu. Tena wengi wanavyo na hawaumwi chochote. Hugundulika wakipigwa picha kwa jambo jingine. Muulize daktari: una hakika ndicho kinachouma, si diski ya uti wa mgongo wala nyonga?

Hivyo vidonge vya maumivu, diklofenaki, unavyomeza kila siku havitakusaidia sana. Maumivu ya neva hayavisikii, na figo na tumbo ndivyo vinavyoumia. Muulize daktari kuhusu dawa za maumivu ya neva, gabapentini au amitriptilini. Huanzwa kwa dozi ndogo na kuongezwa polepole, kwa hiyo zipe wiki kadhaa. Zinaleta usingizi, usiendeshe gari kabla hujazizoea, wala usizikatishe ghafla. Mfamasia akisema amitriptilini ni ya sonona, usishtuke. Kwa neva hutolewa kidogo zaidi.

Ila mimi nailaumu zaidi ile stuli yako unayokalia dukani. Chukua sponji nene, kata kipande upande wa nyuma ili kifandugu kisigusane na kitu ukikaa. Inuka mara kwa mara. Choo kisiwe kigumu, maana kujikamua huongeza shinikizo humo ndani, na amitriptilini nayo hufunga choo: maji, mapapai, mboga za majani. Hijama (kuumikwa) anayoisifia shangazi huishia ngozini, haifiki huko (ukimjibu, mjibu kwa adabu).

Kuna pia kunyonya maji ya kifuko kwa sindano inayoongozwa na picha za CT. Wengine hujaziwa gundi ya faibrini, protini inayogandisha damu. Wapo wanaopata nafuu, lakini yakinyonywa tu aghalabu hurudi, na gundi huweza kuvimbisha utando wa uti wa mgongo. Hilo lisubiri.

Lisilosubiri ni hili: ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo kugoma au kukutoka wenyewe, choo kisichoshikika, mguu kulegea. Likitokea lolote, usingoje kliniki ya Jumatatu. Mwamshe shemeji, mwende idara ya dharura usiku huohuo.