Mwanangu, hili somo yako hakukwambia

Mikindani, Mtwara

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, dada yako na wanawe wazima, na mikorosho imechanua. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu nikikohoa tu unaanza kulia, nami nikikusikia unalia nasahau nilichotaka kusema.

Ulipochezwa unyago, somo yako alikufunda mambo ya hedhi, usafi, heshima, na namna ya kukaa na mume. Nami nilifundwa hayo hayo. Hakuna aliyenambia nipitishe vidole kwenye titi langu mwenyewe nitafute uvimbe wa saratani. Simlaumu, naye hakuambiwa. Wewe nakwambia mimi.

Niliugusa nikiwa naoga, msimu wa kuokota korosho. Titi la kushoto, juu, karibu na kwapa. Mgumu kama korosho iliyo kwenye ganda, na hauumi hata ukiubonyeza. Nikasema moyoni, kisichouma si ugonjwa. Mama, hapo ndipo nilipopotea. Nikaendelea kuokota na kupeleka magunia ghalani, nikisubiri minada iishe tulipwe. Zahanati ya kwanza niliyokwenda waliniambia ni maziwa yameganda, nami nilikuachisha ziwa wewe mwisho, miaka ishirini na zaidi iliyopita! Nikapewa dawa ya maumivu kwa kitu kisichouma, nikarudi nyumbani nimefurahi, maana ndilo jibu nililolitaka. Nilikaa miezi 7. Siku dada yako aliponiona nabadili kanga, ngozi ilikuwa imebonyea na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu imeingia ndani. Yeye ndiye aliyenishika mkono hadi hospitali.

Walinichoma sindano wakatoa kinyama kikapimwe. Majirani wakasema kisu na sindano huisambaza kansa mwilini. Si kweli. Bila kile kinyama daktari hajui anapigana na nini. Changu kilionekana kinalishwa na estrojeni, homoni ya kike, na ndiyo maana dawa zangu si sawa na za mama tuliyekuwa naye wodini, ingawa wote tunaitwa wagonjwa wa titi.

Ya Dar unayajua nusu. Nilifikia kwa mjomba wako Mbagala, nikawa nakwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Dripu 8 za dawa ya saratani, moja kila baada ya siku 21, ili uvimbe usinyae kwanza. Dawa ya mwanzo ni nyekundu, na mkojo unatoka mwekundu. Nesi asingenitahadharisha ningedhani ni damu. Nywele zikaniisha, chakula chote kikawa na ladha ya chuma, nikaweza uji wa muhogo tu. Kisha wakaondoa titi pamoja na tezi za kwapani, ikafuata mionzi siku 15, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mionzi yenyewe haiumi, ila ngozi inababuka.

Nilichokuficha ni mkono. Baada ya upasuaji sikuweza kuunyanyua hata kufunga kilemba. Nikafundishwa kupandisha vidole ukutani, taratibu, kila siku. Ukiingia chumbani kwangu utaona alama za mkaa kando ya mlango, kila wiki nilipofikia. Ya juu kabisa sasa imepita kitasa cha dirisha. Ndoo sibebi tena kwa mkono huo, wala sikubali uchomwe sindano au upimwe presha, maana tezi zikishaondolewa mkono huvimba kwa urahisi. Na kwenye sidiria nimeshona kifuko cha ulezi. Pamba ilikuwa nyepesi, ikipanda juu kila nikiinama.

Sasa wewe. Mama mkubwa wangu alikufa na kidonda cha titi, tukaambiwa karogwa. Leo naona alikuwa na ugonjwa huu huu. Mama akiugua, binti yake yuko kwenye hatari karibu mara mbili ya mwingine. Zipo jeni, yaani vinasaba, ziitwazo BRCA1 na BRCA2, zikiharibika hurithishwa, hata kwa upande wa baba, kwa hiyo waulize na shangazi zako. Usiogope kupita kiasi: wengi wanaougua hawana hata ndugu mmoja aliyeugua, na uvimbe mwingi wa wasichana wa umri wako si saratani. Ila anayejua ni aliyepima.

Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kukauka, simama mbele ya kioo, inua mikono, tazama. Kisha lala, upapase titi lote hadi kwapani kwa vidole vilivyonyooka. Ukikuta uvimbe, ngozi iliyovutika, au chuchu inayotoa damu, usingoje mwezi mwingine. Kwa umri wako wataanza na ultrasaundi, kwa sababu nyama ya titi la msichana imeshonana, na mamografia, yaani eksirei ya titi, haioni vizuri ndani yake. Mimi nimegundulika na miaka 47, na daktari alisema wewe uanze mamografia ukifika 37, usingoje 40 kama wengine. Pombe iache, nayo huongeza hatari. Ukijaaliwa mtoto mnyonyeshe, kunakinga.

Mimi nameza tamoksifeni, kidonge cha kuizuia ile estrojeni, kila usiku baada ya isha, nitaimeza miaka 5 kwa uchache. Joto linanipanda usiku hadi nafungua dirisha, lakini sijaruka siku hata moja.

Hedhi yako ikiisha mwezi huu nenda kwa daktari akupapase, umweleze habari za yule mama mkubwa wangu na zangu. Dada yako ataniwekea chaji. Nipigie ukitoka, hata ikiwa usiku.

Mama yako