Kitabu cha mwezi huu: twendeni Comala

Habari za jioni wapendwa. Mlioniuliza kama tunaanza na García Márquez, mwandishi wa Kolombia: hapana, asubiri zamu yake. Tunaanza na Juan Rulfo wa Meksiko, riwaya ya Pedro Páramo ya mwaka 1955. Ni nyembamba, kwa hiyo "sijapata muda" siipokei.

Juan Preciado amemwahidi mama yake anayekata roho kwamba atakwenda kijijini Comala kumtafuta baba yake, Pedro Páramo. Njiani anakutana na mwenye punda, ambaye anamwambia bila wasiwasi: hata mimi ni mtoto wa Pedro Páramo. Akifika, wenyeji ni marehemu, na wanapiga soga.

Msishtuke. Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba, watu huwaandalia marehemu wao meza nyumbani: picha, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa, mkate, na chakula ambacho marehemu alikipenda. Someni mkiikumbuka meza hiyo.

Hadithi inaruka nyuma na mbele bila kubisha hodi. Mimi nilipotea mapema tu, nikarudi mwanzo.

Jumamosi saa kumi jioni, palepale. Chai ni juu ya waliochelewa mara ya mwisho. Mnajijua.