Kuhusu mchezo wenu wa Morrie

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila joto tu. Unauliza kama kikundi chenu kikiigiza tamthilia ya *Tuesdays with Morrie* (Jumanne na Morrie) itakuwa kilio mwanzo mwisho. Itakuwa. Lakini msiikimbie kwa hilo.

Juzi nimeitazama tena filamu ya 1999, aliyocheza mwigizaji Jack Lemmon uzeeni kama Morrie na kupewa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani. Kisa chenyewe ni cha kweli. Morrie Schwartz alifundisha sosholojia Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, akapatwa na ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli: mtu analegea kidogo kidogo huku akili iko timamu. Mwanafunzi wake Mitch Albom alimuahidi siku ya mahafali, 1979, kwamba hatapotea. Miaka 16 kimya. Mwaka 1995 Mitch, sasa mwandishi wa michezo huko Detroit, anamwona mwalimu wake kwenye televisheni akihojiwa na mtangazaji Ted Koppel kuhusu kufa. Ndipo akaenda, ikawa kila Jumanne hadi mzee alipofariki Novemba mwaka huohuo. Kitabu kilichozaa yote haya alikiandika ili deni la matibabu lilipwe, na hilo peke yake linanifanya nimsamehe mengi.

Maana hotuba za mwalimu zinanichosha, nikwambie ukweli. Kila akifungua mdomo ni wosia. Mkimpa mwigizaji mwenye kupenda kupaza sauti, watu watahubiriwa mpaka waanze kutafuta viatu vyao.

Mimi kinachonishika ni mwili. Morrie alimwambia Koppel kuwa anaiogopa siku ambayo itabidi mtu mwingine amtawaze baada ya choo. Profesa mzima, tena mbele ya nchi nzima! Na siku hiyo ilifika. Sisi tuliowahi kuuguza, nani hajui jinsi mgonjwa anavyogeuza uso ukutani wakati huo? Hapo hamhitaji muziki wa huzuni.

Halafu vyakula. Mitch anakuja na mifuko, saladi, supu, kila wiki. Mwalimu hawezi tena kutafuna na hasemi, asije akamvunja moyo. Kwenye kitabu ni Charlotte, mke wa Morrie, anayemweleza Mitch. Mwambie mwongozaji wenu asiharakishe pale mifuko inapofunguliwa.

Gharama si kubwa. Tamthilia waliyoandika Albom na Jeffrey Hatcher, iliyoonyeshwa New York 2002, ina waigizaji wawili tu. Ombeni ruhusa ya wenyewe kabla ya kutafsiri. Na kijana atakayecheza Mitch asiingie na machozi tayari. Aje na haraka zake na kiburi chake cha kazi, amchoshe kidogo mtazamaji.

Umesema mjomba wako ndiye atakuwa Morrie. Sauti anayo, lakini yule hawezi kuongea bila kurusha mikono. Mkalishe kitini saa nzima, mikono mapajani, umwone. Halafu niandikie.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi shoga yako,
Tanga