Nati za kufuli za Prado: niamini nakshi au kola?

Fundi wa safu ya magari, salaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Tudor, Mombasa. Gari ni Toyota Prado 150, rimu zake za aloi za kiwandani, inchi 18, stadi (bolti zilizochomoza ambazo nati hufungwa juu yake) sita kila gurudumu. Hulala nje kwenye ploti isiyo na geti. Ukihesabu, kinachozishika rimu hizo ni nati 24, na yeyote mwenye jeki na wili spana ya 21 anazifungua zote kabla adhana ya alfajiri haijasikika. Nati za kufuli, zile zinazofunguka kwa ufunguo wake maalumu tu, nitaweka moja kila gurudumu, hilo nimeshaamua. Ila aina gani? Kila nikikaribia kuchagua, naona ninachopata upande mmoja nakipoteza upande wa pili.

La saizi halina mjadala. Stadi za Prado ni M12, yaani unene wa milimita 12, thredi ya 1.5, yaani kila mzunguko nati husogea milimita 1.5. Nati za Subaru, Nissan na Suzuki ni M12 pia lakini thredi yake ni 1.25, hushika mzunguko mmoja au miwili kwa mkono halafu hukwama, na mwenye haraka akiisukuma kwa bunduki ya upepo, mashine ya kufungia nati kwa mapigo, huila stadi yote. Za Land Cruiser 200 ni M14, hizo hata haziji karibu.

Shida iko kwenye kikalio, yaani pale nati inapoikalia rimu. Nati za kiwandani za rimu hizi zina shingo iliyonyooka inayozama ndani ya tundu, na juu yake washa bapa. Washa ndiyo inayobana. Sasa pita madukani hapa mjini uulize nati za kufuli za Toyota: nyingi utakazoonyeshwa ni za koni, nyuzi 60. Muuzaji atakwambia zinaingia, wala hadanganyi, kwa sababu thredi ni ileile. Lakini koni ikikaa kwenye tundu lililonyooka hugusa ukingo peke yake, mstari mwembamba wa chuma kigumu juu ya alumini laini. Ukikaza, ukingo unasagika. Ukishaendesha kidogo, pale paliposagika nguvu ya kubana imepungua, nati inalegea, rimu inaanza kucheza na tundu linageuka yai. Rimu uliyotaka kuiokoa na mwizi unakuwa umeiua mwenyewe. Kufuli la Honda halifai vilevile, japo ni M12 kwa 1.5, kwa kuwa kikalio chake ni cha mviringo.

Kwa hiyo natafuta kufuli lenye shingo na washa, na hata hilo nitalipima kwanza. Nitaliweka kando ya nati ya kiwandani niangalie shingo zinalingana kwa unene na urefu. Shingo ikizidi urefu, ncha yake inagonga habu, kitovu kinachobeba gurudumu, kabla washa haijaibana rimu. Nati inakataa kuzunguka, mkono unadhani imekaza, kumbe rimu iko huru. Kisha nitahesabu mizunguko tangu thredi inaposhika hadi nati inapokaa. Ikipungua minane, yaani milimita 12 za stadi gawanya kwa 1.5, narudisha dukani. Nati zilizozibwa kichwani hunitia wasiwasi zaidi, maana stadi ikifika kwenye kifuniko mapema, matokeo ni yaleyale.

Sasa kwenye aina zenyewe. Zile seti za nati nyembamba za meno, ambazo unabadilisha zote 24, nimeziondoa kwenye orodha. Zilitengenezwa kwa rimu za kununua zenye matundu membamba, karibu zote ni koni, na ufunguo wake wa meno sita au saba unauzwa kwenye duka lolote la mapambo ya magari. Kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye rafu ya kila duka, mimi silihesabu kuwa kufuli.

Zinabaki mbili. Ya kwanza ni kipande kimoja cha chuma kilichokomazwa, ubavu wake mviringo na laini, na usoni kimechimbwa mfereji mwembamba unaopinda-pinda kama nakshi, ambao ufunguo una ukingo wa kuingia humo. McGard wa Marekani ndio wanaojulikana zaidi kwa mtindo huu, na seti yao huja na kodi, yaani namba ya siri ya kuagizia ufunguo mwingine. Udhaifu wake ni ubavu. Mwizi huja na soketi ya pembe 12 iliyo ndogo kidogo, anaigonga kwa nyundo mpaka iume, halafu anazungusha. Chuma kikiwa kigumu kweli soketi huteleza. Kikiwa laini, kama kwenye seti za bei rahisi, kinanyofoka dakika hiyohiyo.

Ya pili ina kola, pete ya nje inayozunguka bure. Ukiigongea soketi, inayozunguka ni kola na nati imetulia. Kwa akili hii ndiyo bora. Lakini hapa tuko pwani. Upepo wa kusi hubeba chumvi mpaka ndani ya nyumba, na ule mwanya mwembamba kati ya kola na nati ni kama umetengenezwa kuihifadhi. Kola ikishika kutu haizunguki tena, na hapo umempa mwizi mahali pa kushika papana kuliko nati ya kawaida. Na siku ufunguo ukivunjika, fundi hana pa kuuma. Ni kukata kola kwanza, ndipo ahangaike na nati yenyewe, huku rimu ikichubuka.

Hilo la ufunguo kuvunjika si la kubahatisha. Kinachouvunja ni bunduki ya upepo. Ukingo wa nakshi ni mwembamba, haukutengenezwa kupokea mapigo mengi kwa sekunde. Unapasuka, au unaacha kipande ndani ya mfereji. Kufuli lifunguliwe kwa mkono, liwe la kwanza kutoka na la mwisho kuingia, ufunguo ukiwa umezama wote na spana imenyooka. Mweleze hayo fundi wa pancha mwenye foleni ya matatu nyuma yake! Nafikiria niwe nafungua kufuli na kulikaza mwenyewe, yeye nimwachie tano zilizobaki, kisha zote nizimalizie kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye Nm 112 za kitabu cha gari. Kitabu hichohicho kinakataza mafuta na grisi kwenye stadi na nati, kwa sababu thredi ikiteleza toki ileile hubana kupita kiasi na stadi huvutika. Na bila grisi, kwa chumvi yetu, nati inaota kutu. Hapo nimekwama.

Kuhusu balansi, wapo wanaosema kufuli zito litaitikisa stelingi. Tuseme limezidi nati ya kawaida kwa gramu 20. Stadi iko milimita 70 kutoka katikati, ukingo wa rimu ya 18 uko kama 228; huko ukingoni ni sawa na gramu sita, ambazo risasi moja ya kusawazishia gurudumu, ya gramu tano, karibu inazimaliza. Sioni haja ya kubishana.

Maswali yangu, fundi:

Kwa gari linalolala nje kisiwani, ungechukua nakshi ya kipande kimoja au kola? Kama ni kola, umewahi kuona iliyodumu mwaka mzima hapa bila kukwama, na ilisafishwa vipi?

Spea yangu, inayoning'inia chini ya gari, ni ya chuma. Nati za kiwandani zina ncha ya koni mwishoni mwa shingo inayokalia rimu ya chuma. Je, makufuli ya shingo nayo yana ncha hiyo? Kama hayana, naona jibu ni kubeba nati moja ya kiwandani ndani ya gari, na spea isifungwe kufuli kabisa.

Kutu nizuie vipi bila kugusa thredi? Nimefikiria kuosha kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, kukausha, na kupaka mafuta mepesi usoni mwa nakshi tu. Je, hayatatambaa mpaka ndani?

La mwisho, ufunguo ukae wapi? Ukiwa kwenye dashibodi, mwizi huanza kutafuta hapohapo. Ukiwa nyumbani, pancha itakukuta Mariakani na ufunguo uko Tudor. Magari mangapi hushuka bandarini kwetu yakiwa na kufuli moja kila gurudumu, ufunguo wake umebaki Japani? Kodi nitaiandika pembeni, hilo sawa, lakini ufunguo wenyewe wewe ungeuficha wapi?

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa