Hatamu si taji

Mhariri,

Miaka 11 nalisoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Ile habari ya bajeti ya kaunti, Jumanne, ukurasa wa 3, imenishinda kunyamazia. Ilikuja kwa Kiingereza ikiwa na "reign in spending", nanyi mkaipa kichwa kwa herufi nene: "Kaunti kutawala matumizi". Matumizi yanatawaliwaje? Yana mipaka na wimbo wa taifa?

Aliyeituma alikosea herufi moja, mfasiri wenu akamfuata kama kipofu. Lililokusudiwa ni "rein", bila g: hatamu. Limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "retinere", yaani kuzuia, na "retain" ni ndugu yake. "Reign" ni kutawala, limetoka kwenye "regnum", ufalme, na ile g isiyotamkwa ni masalio ya huko. Kwa sikio ni kitu kimoja, pamoja na "rain" ya mvua, na kompyuta haipigi mstari mwekundu kwa sababu yote ni maneno halali. Waingereza nao wasitucheke: "sovereign" na "foreign" hazikuwa na g, walizichomekea wenyewe kwa kuzidhania jamaa za "reign".

Maana yenyewe iko kinywani mwa farasi, si ikulu. Lijamu ni kile chuma kinachokaa kwenye ufizi mtupu, kati ya meno ya mbele na magego. Kila upande kina pete, na hatamu hufungwa kwenye pete hizo. Mpandaji akivuta, chuma hukandamiza ulimi na ufizi, mnyama akapunguza mwendo. Akipunguza tu, mpandaji hulegeza papo hapo. Asipolegeza, farasi hujifunza kukiegemea chuma, kinywa kinakufa ganzi, na siku ya hatari utavuta mpaka mikono ichubuke naye anakwenda tu. Ndiyo maana "rein in" ni kubana, kupunguza kasi, wala si kukomesha. Kwa hiyo hata lile "kusitisha matumizi" mlilochapa Alhamisi mkidai ni masahihisho ni kosa la pili juu ya la kwanza! Na "free rein" ni kumlegezea hatamu achague mwendo wake. Anayeandika "free reign" anagawa ufalme bure.

Kipimo ni chepesi. Chomekeni "it" katikati: "rein it in" inakubali, "reign it in" haikubali. Baada ya "reign in" hufuata mahali au wakati, kama mtu akiandika kwamba Elizabeth II "began her reign in 1952", na hapo g ni halali kabisa, maana alianza kutawala tarehe 6 Februari mwaka huo akiwa papa hapa Kenya. Baada ya "rein in" hufuata kile kinachobanwa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba neno tunalo. Hatamu tuliipata kwa Waarabu, kwao ni kamba ya ngamia. Watanzania waliishi na "chama kushika hatamu", TANU ilipowekwa juu ya vyombo vyote mwaka 1975, na hakuna aliyeuliza maana yake. Lakini kwenye kurasa zenu za michezo kocha mpya "ameshika atamu", wiki iliyofuata "amekabidhiwa hatima ya timu". Hatima ni mwisho, ndugu zangu! Au mlikuwa mnatabiri?

Napendekeza mkodi punda wa mkokoteni kwa nusu siku, mwenye lijamu na hatamu kamili, si yule wa kuchapwa fimbo. Mfasiri apande mkokoteni, ashushwe mlima wenye lami, mzigo uwe magunia 4 ya viazi. Akifika chini, mwulizeni alikuwa anatawala au anabana.

Msomaji wenu, bado.