Huo usiku mmoja wa Voi mnaotaka tuufute

Sisi hupeleka watu safari za Tsavo na pwani kutoka Mombasa, na mteja mmoja ametuandikia ujumbe mrefu wa WhatsApp akituita wezi. Kwa ufupi, yeye alilipia siku mbili mbuga ya Tsavo Mashariki na usiku mmoja Voi, mji ulio kando ya mbuga, halafu siku mbili nyingine za kushuka pwani kupitia Malindi. Mwenzake wa kazini alilipa kiasi kidogo sana kwa kijana aliyemkuta ufukweni Bamburi, akaenda Tsavo alfajiri na usiku akarudi kulala nyumbani kwake. Wote wawili wana picha ya ndovu mwekundu. Sasa anauliza, pesa zake zilizozidi zimeliwa na nani?

Swali hili halijaanza na yeye. Kila msimu linarudi, na wanaouliza kwa upole huishia kwenye ombi lilelile: "Toeni huo usiku wa Voi, sisi tutaamka mapema." Tumelijibu kwa simu mpaka tumechoka, afadhali liandikwe mahali pamoja.

Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 160. Ukiitazama kwenye simu unaona ni mwendo wa saa mbili na ushei, na simu haidanganyi kama barabara ni yako peke yako. Lakini hiyo ndiyo barabara ya bandari. Malori ya Nairobi, Kampala na Kigali yanapanda hapohapo, na reli ya SGR iliyofunguliwa 2017 haijayamaliza. Ukinaswa nyuma ya trela tatu zinazofuatana kati ya Mariakani na Taru, dereva ana njia mbili: avumilie, au ajaribu kupita palipo na kona. Wetu huvumilia. Ndiyo maana wa siku moja huingilia lango la Bachuma, lililo karibu zaidi na Mombasa, na hata hivyo wakishalipa langoni, wakaenda msalani na kufungua paa la gari, jua limeshapanda.

Na Tsavo jua likipanda, mambo yameisha. Simba aliyewinda usiku ameshajilaza chini ya kichaka. Vichaka vya huku si kama nyasi fupi mnazoziona kwenye televisheni; simba anaweza kuwa hatua kumi kutoka barabarani na gari sita zikapita bila kumwona. Ndovu wanaonekana, sikatai, maana hawawezi kujificha na maji wanayahitaji. Basi watu wanapiga picha ya ndovu, wanakula chakula cha mchana, na ikifika saa tisa dereva anaanza kutazama saa yake. Anajua kwamba giza likimkuta Mackinnon Road atakuwa anaendesha macho yamemwuma, mbele yake trela isiyo na taa za nyuma.

Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hii. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Wanyama wanaowaleta nyinyi huku hutembea saa ya kwanza na saa ya mwisho. Mtu wa siku moja saa hizo zote mbili anazitumia kwenye lami, akitazama matairi ya malori. Amelipa kiingilio sawa na wewe, na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hawampunguzii kwa sababu aliingia amechelewa.

Aliyelala Voi anaamka saa kumi na moja, anakunywa chai, na lango likifunguliwa yeye ni wa kwanza au wa pili kwenye foleni. Hapo ndipo dereva anapoonyesha kazi yake. Barabara ya kwenda Aruba, lile bwawa lililojengwa mwaka 1952 kwenye mto Voi (miaka mingine hukauka kabisa, msitulaumu), asubuhi inakuwa haijakanyagwa na gari. Vumbi jekundu limelala laini. Dereva anaendesha pole pole kichwa kikiwa nje ya dirisha, anasoma: hapa fisi, hapa kanga, hapa kundi la nyati limevuka. Unyayo ambao kingo zake bado ni kali ni wa usiku huu. Ambao kingo zimelegea na mchwa wameshapita juu yake ni wa jana, asipoteze mafuta. Akiona swala pala wote wamegeuza uso upande mmoja na mmoja anapiga chafya ile ya onyo, anazima injini na kuwaomba mnyamaze. Mara nyingi anatokea mtu anayeuliza kwa nini tumesimama mahali pasipo na kitu.

Ukifika saa nne, nyayo zote zimefutwa na magari. Hata mwongozaji mwenye beji ya fedha hana cha kusoma.

Nikiwa kwenye simba, kuna bwana mmoja alitudai arudishiwe pesa kwa sababu tulimwahidi simba dume na yeye akaonyeshwa majike watupu. Alituletea na picha kuwa ushahidi. Kwenye picha wako wawili wamelala kando ya mzoga wa pundamilia, na wote wawili ni madume! Simba wa Tsavo wengi hawana manyoya ya shingoni, au wana machache tu kama ndevu za kijana. Wale wawili waliosumbua wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa hivyohivyo. Dereva alimweleza papo hapo, hakuamini; alidhani anadanganywa. Tukamkuzia picha, tukamwonyesha sehemu ambayo haina ubishi. Pesa hatukurudisha.

Sasa bei. Sehemu kubwa ya pesa mnayotupa hatukai nayo. Kiingilio cha watu na cha gari kinalipwa KWS kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na hubadilika kila serikali inapopitia ada, ndiyo sababu tukikupa bei leo tunakwambia ni hadi lini. Kuna dizeli. Kuna kitanda cha dereva, chakula chake na posho yake, maana dereva aliyelala ndani ya gari kwenye kituo cha mafuta ndiye atakayekurudisha kesho. Kuna leseni ya TRA, mamlaka ya utalii ya Kenya, ukaguzi wa gari, na bima ya kubeba abiria wa kulipa. Hili la mwisho muulizeni vizuri kijana wa ufukweni. Gari la binafsi likibeba abiria kwa malipo likapata ajali, bima yake ya kawaida haikutambui wewe uliyekaa nyuma. Na gereji: hizo barabara za mbugani zina vijituta vinavyotetemesha gari kutwa nzima, springi zinakatika, bushi zinaisha, vumbi linaingia kila penye tundu. Gari letu likirudi Jumapili, Jumatatu liko juu ya jeki hata kama halina tatizo.

Wapi mtu anaweza kukata ili auze nusu bei? Kiingilio hawezi. Dizeli hawezi. Zimebaki bima, usingizi wa dereva na matairi.

Jioni moja gari letu lilikuwa linarudi lango la Voi, likakuta van imeegeshwa katikati ya njia, watu saba ndani, wawili watoto. Tairi la nyuma limepasuka, la akiba walilibadilisha mchana, na la akiba la pili halikuwepo. Dereva wao alikuwa amepanda juu ya paa akitafuta mtandao. Ndani ya mbuga huruhusiwi kushuka ovyo, kwa hiyo wale watu walikuwa wamekaa humo na joto lile kwa muda, maji yamewaishia. Tukagawana wale watu na magari mengine mawili, tukawatoa kabla lango halijafungwa. Usiku ule walilala Voi, kwa pesa zao, kwenye vyumba vya kutafuta gizani, na kesho yake wakapanda basi kurudi Mombasa. Mama mmoja katika wale alipiga hesabu tukiwa njiani. Akanyamaza.

Kuna wanaotaka kujiendesha wenyewe kwa gari dogo la nyumbani. Kiangazi, kwenye njia kuu, inawezekana ukiwa na subira. Lakini ukiwa chini hivyo unaona vichaka tu, na mvua ikinyesha usijaribu.

Nusu ya pili ya safari yetu ndiyo wengi hawaielewi kabisa. Wanatwambia, turudini Mombasa kwa lami, halafu twende Malindi kwa lami. Ya nini? Mbuga yenyewe ina mlango wa kutokea baharini. Asubuhi ya pili tunapita Aruba, tunashuka hadi mto Galana kwenye maporomoko ya Lugard, ambapo mto mzima unajibana kwenye mawe mpaka unadhani utaruka, tunaufuata mto na uwanda wa juu wa Yatta uko ng'ambo, tunatokea lango la Sala. Huko ndiko utakakomwona swala twiga amesimama kwa miguu miwili akila majani ya juu, na choroa, na siku ya bahati tandala mdogo. Kutoka Sala hadi Malindi ni kama kilomita 110. Hurudii barabara hata moja. Masika yakiwa makali tunaibadilisha njia hii, na hilo tunalisema kabla hujalipa.

Malalamiko ya Malindi nayo yana asili yake hukohuko. "Bahari yenu ni chafu, ina rangi ya chai." Mama yangu, hiyo ni Tsavo! Galana ukishuka unaitwa Sabaki, na Sabaki unamwaga kaskazini kidogo tu ya mji wa Malindi. Mvua zikinyesha bara, ule udongo mwekundu uliowapaka ndovu rangi unakuja kuitia rangi bahari. Hakuna hoteli inayoweza kuuzuia. Ndiyo maana majira hayo tunakulaza Watamu na si Malindi mjini, hata kama rafiki yako alilala Malindi Januari akapata maji ya kijani. Januari ni kaskazi, bahari imetulia. Katikati ya mwaka ni kusi.

Na Watamu hatupangi saa sisi, inapangwa na maji. Hifadhi ya bahari ya pale, iliyotangazwa 1968 pamoja na ya Malindi, raha yake ni maji yakipwa, vilima vya mchanga vinapojitokeza na matumbawe yako karibu na uso. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Ukituambia "tumechoka na Tsavo, tutoke saa nane mchana", utapelekwa saa nane, utaona maji yanajaa, na utatuandikia kwamba hakukuwa na samaki. Mahame ya Gede yanaweza kusubiri mchana. Kuna miti mikubwa na kivuli. Yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, kwa hiyo siku hizi wageni ni wengi kidogo, lakini pana nafasi. Njiani kurudi Mombasa tunasimama daraja la Kilifi kwa korosho. Fort Jesus siku hiyohiyo? Hapana. Utafika umechoka, mlango unakaribia kufungwa.

Mengine ni madogo lakini ndiyo yanayokula pesa. Ukisema wewe ni raia, kitambulisho kiwe mfukoni. Familia moja ilifika langoni na shemeji mwenye pasipoti ya Uingereza waliyemhesabu kuwa Mkenya, kwa kuwa "amezaliwa Makadara huyu". Huenda ni kweli, lakini kitambulisho kilikuwa kimebaki hotelini na picha ya kwenye simu ikakataliwa. Akalipa ada ya mgeni, kwa dola, na kutununia sisi siku nzima. Wanaotoka Nairobi kwa treni: ya asubuhi ndiyo inayosimama vituo vya njiani. Kuna vijana walikata tiketi ya alasiri kwa kuwa inafika haraka, wakaipita Voi huku wakimpungia dereva wetu mkono kwa dirisha. Chupa za maji za kutupa zimekatazwa mbugani tangu Juni 2020. Sisi tunabeba mtungi, wewe leta chupa ya kujaza. Nguo nyeupe acha nyumbani. Droni usiilete kabisa. Na tafadhali usimwahidi dereva kitu kidogo ili atoke nje ya barabara amsogelee chui. Hatatoka, na ukimsumbua sana atatupigia.

Kifaru hatumwuzi kwenye safari hii fupi. Wako Ngulia, Tsavo Magharibi, na hiyo ni mbuga nyingine yenye lango lake na malipo yake.

Anayetaka siku moja tu bado tunampeleka, hatukatai kazi. Tunaondoka Mombasa saa tisa usiku, madereva wawili, Bachuma kuingia na Bachuma kutoka, na bei yake si nusu ya siku mbili kwa sababu dereva wa pili naye anakula. Wengi wakiiona hiyo bei wanauliza tena ile ya kulala Voi. Nafasi za Desemba zinaanza kujaa Oktoba. Tunashika gari kwa malipo ya nusu, na nusu iliyobaki kabla hatujalipa eCitizen.