Kidonda cha moto kikifunga, kovu ndiyo kwanza linaanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaofanya kazi ya tiba ya viungo tunakutana nalo mara kwa mara. Mgonjwa aliyeungua huhudumiwa vizuri mpaka kidonda kifunge, huruhusiwa kwenda nyumbani akiamini kwamba amepona, kisha hurudi baada ya miezi kadhaa akiwa hawezi kuinua mkono wala kugeuza shingo.

Kovu la moto huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili. Miezi ya mwanzo huwa gumu, hutuna na kuwasha, ndipo hulainika polepole. Kidonda kilichofunga ndani ya wiki 2 kwa kawaida huacha alama ndogo tu, ilhali kilichochukua zaidi ya wiki 3 kina uwezekano mkubwa wa kuacha kovu nene, na mwenye kidonda cha namna hiyo hapaswi kutoka wodini bila kuelezwa atakachokifanya nyumbani.

Wengi huhangaika na rangi. Hununua krimu zinazodaiwa kufuta makovu, au hata vipodozi vya kujichubua, ambavyo baadhi yake vina zebaki au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe, ambazo zikipakwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba) na huidhuru ngozi ambayo tayari ni dhaifu, na wakati huohuo hakuna anayeangalia kama kiwiko bado kinanyooka. Kovu hujivuta kadiri linavyokomaa, na likipita juu ya kiungo hukivuta nacho. Mkao unaompa mgonjwa nafuu, yaani kiwiko kilichokunjwa, kidevu kilichoinamia kifua au vidole vilivyofumbwa, ndio huohuo ambao kovu litaukaza. Kwa mtoto aliyeungua kiganja jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mkono wake unakua na kovu haliendi na kasi hiyo. Mzazi humwonea huruma mtoto anayelia, akakifungua kile kibao cha kunyooshea vidole usiku. Namwelewa, lakini usingizi ndio muda mrefu kuliko wote ambao vidole hukaa vimekunjwa.

Kukanda ni tiba isiyo na gharama kubwa, ila ifanywe kwa utaratibu. Ngozi ikishafunga kabisa, pakaa mafuta yasiyo na manukato, kisha zungusha kidole gumba kwa miduara midogo juu ya kovu, ukigandamiza kiasi cha ngozi kupauka chini ya kidole, mara kadhaa kwa siku, na umalizie kwa kukinyoosha kiungo mpaka usikie kovu linavutika. Ikitokea lengelenge au mchubuko, pumzisha sehemu hiyo. Mafuta yenyewe yana kazi nyingine, kwani moto uliopenya ndani huharibu tezi za mafuta, na ukavu unaofuata huongeza mwasho. Kovu changa lifunikwe pia lisipigwe na jua.

Kwa kovu linalotuna, karatasi laini ya kubandika au jeli ya silikoni (kitu kinachofanana na mpira laini) husaidia, mradi karatasi hiyo ikae juu ya ngozi kwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi isiyopungua 2. Zipo pia nguo maalumu za kubana, ambazo huvaliwa takribani saa 23 kwa siku na huvuliwa wakati wa kuoga na kukanda tu. Zinachosha, hasa penye joto, na matokeo yake hutofautiana, hivyo mgonjwa aambiwe ukweli huo mapema. Keloidi, yaani kovu linalotambaa nje ya mipaka ya kidonda chake, lisikatwe tu na kuachwa, maana mara nyingi hurudi. Daktari huweza kulichoma sindano za steroidi, peke yake au pamoja na upasuaji. Na kiungo kilichokwisha kukakamaa bado huweza kufunguliwa kwa upasuaji na kupandikizwa ngozi, ingawa mazoezi yatahitajika tena baadaye.

Ningeomba hospitali ziandike katika karatasi ya ruhusa ni kiungo gani kinyooshwe, mara ngapi, na tarehe ya kurudi kupimwa. Wenye makovu ya miaka mingi nao wasijione wamekwisha kutoka katika hatari: kidonda kinachozuka juu ya kovu la zamani na kugoma kupona kwa wiki kadhaa kionwe na daktari haraka, kwani saratani ya ngozi huweza kuanzia hapo.

Mtaalamu wa tiba ya viungo